Eka mbili za ufukweni Juani: nenda kwanza, pesa baadaye

Msomaji mmoja anayefanya kazi Muscat ameniandikia, nami nimelifupisha swali lake: "Mimi ni Mtanzania na pasi yangu ni ya Tanzania. Dalali amenitumia picha za shamba la eka mbili kisiwani Juani, Mafia, lenye minazi na linalopakana na bahari, kwa shilingi milioni 24. Anasema hati ya kijiji ipo. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Mombasa, anataka tuchangie tujenge mabanda ya wageni. Sijawahi kufika Mafia, na jina la Juani nimelisikia kwa dalali huyo. Je, ni mahali pa kutembelea kweli? Na kuna faida ya kuweka pesa huko?"

Dada yangu, la kwanza nalijibu haraka: ndiyo, Juani panatembelewa, na ukija likizo usipaache. La pili: kwa karatasi ulizonitumia, usitoe hata senti. Mafia ina mustakabali mzuri tu, lakini sehemu kubwa ya hicho unachouziwa kisheria haiuziki, na hiyo iliyobaki huenda ina wenyewe wengi kuliko aliyetajwa kwenye mkataba. Nimefanya kazi ya upimaji na mipango ya matumizi ya ardhi vijijini pwani kwa muda mrefu, na karatasi za namna hii nazijua kwa harufu.

Kwanza mahali penyewe, maana dalali hakukueleza. Watu wakisema Mafia huwa wanasema kisiwa kikubwa, chenye mji wa Kilindoni, uwanja wa ndege na ofisi za wilaya. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji. Upande wa kusini-mashariki kuna Ghuba ya Chole, na ghuba hiyo imezungukwa na visiwa vidogo: Chole katikati, Juani nyuma yake, na Jibondo kusini. Juani ni kikubwa kuliko hao ndugu zake wawili. Upande wake wa mashariki hupigwa na bahari kuu, mawe matupu yaliyochongoka na vifukwe vidogo katikati yake. Upande wa magharibi, unaotazama ghuba, ni mikoko na matope. Katikati ni vichaka, mibuyu, minazi na mashamba ya mihogo yaliyobanwa kati ya mawe.

Kufika kwake kunachuja watu. Toka Dar es Salaam kuna ndege ndogo, chini ya saa moja uko Kilindoni. Wasio na haraka na wenye mfuko mdogo hupanda basi Mbagala hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha boti au kivuko. Hapo bahari ndiyo inayopanga ratiba: ukiambiwa boti inaondoka alfajiri au saa saba mchana, fuata hilo, maana maji yakikupwa kwenye mito ya delta chombo hakitoki. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami, kama kilomita 15. Utende ndipo lilipo lango la hifadhi ya bahari, unalipa ada yako, na ndipo unapopata mashua ya kuvuka. Ukifika Chole, tembea, waone popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa kwenye miti, ukaangalie na magofu ya zama za Waarabu na Wajerumani; Chole ndiyo iliyokuwa makao ya utawala mpaka Wajerumani walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya au mwezi mpevu, maji yakikupwa sawasawa, watu huvuka kati ya Chole na Juani kwa miguu. Usijaribu bila mwenyeji. Maji ya ghuba ile yakianza kurudi hayana subira.

Kinachowaleta wageni wachache wanaofika Juani ni mambo mawili: Kua na kasa.

Kua ni mji uliokufa, kusini magharibi mwa kisiwa. Kuna misikiti, makaburi, na jumba la ghorofa ambalo kuta zake bado zimesimama huku mizizi ikizishika. Mji huu ulivamiwa mapema karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa utumwani, na mji haukuinuka tena. Wenyeji wana hekaya yao ya kwa nini Kua ililaaniwa. Wanasema watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale upande wa pili wa Mafia, walipokuwa wakishusha jahazi lao jipya majini waliwalaza watoto wa Kua chini yake badala ya magogo. Kua walinyamaza miaka. Kisha wakawaalika Kisimani harusini, wakawakaribisha kwenye chumba cha chini ya ardhi, wakaziba mlango kwa mawe na chokaa. Mwambie mwenyeji akusimulie mwenyewe papo hapo, kwa sababu kila msimulizi ana namna yake ya kuweka lawama, na hilo ndilo tamu kuliko mimi kukuandikia.

Kasa hutaga kwenye vile vifukwe vya mashariki. Yai hukaa mchangani kama siku 55 hadi 60, na msimu mzuri wa kuona vitoto vikitoka ni kati ya Juni na Septemba. Wanakijiji waliofundishwa hulinda viota na kuandika tarehe, ndiyo maana wanaweza kukuambia kiota gani kitafunguka wiki hii. Unatembea kutoka kijijini ukipita vichakani juu ya mawe makali (vaa viatu vya kufunika, kandambili zitakuliza), unakaa mchangani kimya, na mlinzi anafukua polepole kwa vidole. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote ambaye wageni humfuata Mafia, ni habari nyingine kabisa: huyo yuko upande wa Kilindoni, takriban Oktoba hadi Machi. Kwa hiyo anayekuuzia Juani kwa picha ya papa potwe anakuuzia bahari ya upande mwingine. Na Aprili na Mei, masika, nyumba nyingi za wageni Mafia hufunga. Hilo liweke akilini tutakapofika kwenye faida.

Sasa turudi kwenye picha zako. Nimezitazama kwa makini. Maji yamefika kwenye mizizi ya mikoko, ya buluu, yametulia. Zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Mwambie dalali akupigie video siku ya mwezi mpya au mwezi mpevu, saa nne asubuhi. Pwani yetu yote hii bamvua hukupwa karibu na saa nne na hujaa karibu na saa kumi. Hata mtoto wa Juani anajua, kwa sababu ndiyo saa ya kwenda kutafuta pweza. Siku hiyo saa nne utaona ufukwe wako ni uwanda wa matope na majani ya bahari, na maji yako mbali. Si ubaya, ni mazingira yenyewe na yana uzuri wake. Ila mgeni aliyelipa kulala "ufukweni" atataka kuogelea baada ya chai, na hatoweza. Mashua yako nayo haitafika mlangoni kwa nusu ya siku.

Halafu ile karatasi. Umenitumia ukurasa mmoja wa mauziano wenye mhuri wa mtendaji wa kijiji. Inasema shamba lina mita 100 upande wa bahari na mita 80 kwenda ndani, na "magharibi linapakana na bahari". Sentensi hiyo ya mwisho peke yake ingetosha kunifanya niikunje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Piga hesabu: mita 100 kwa 80 ni mita za mraba 8,000, hizo eka mbili zako. Ondoa ukanda wa mita 60, unabaki na mita 100 kwa 20. Hiyo ni nusu eka, iko nyuma ya minazi, na ndiyo pekee unayoweza kufikiria kujengea kitu. Kwa hiyo milioni 24 ni bei ya nusu eka. Na mikoko iliyo mbele huruhusiwi kuikata ili mgeni aone bahari.

Juu ya hapo, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kilomita za mraba 822 za bahari na visiwa pamoja. Vijiji vimo ndani yake na watu wanaishi, wanalima na kuvua kwa utaratibu. Lakini jengo la biashara linahitaji ridhaa ya hifadhi, na tathmini ya athari kwa mazingira inayopitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Je, umeonyeshwa barua yoyote ya hifadhi? Kwenye karatasi uliyonitumia sikuiona.

Tufike kwenye "hati ya kijiji ipo". Hapa ndipo watu wengi wa mjini na wa nje huangukia, kwa kuwa mhuri unatisha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji wote, na halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote. Na mwanakijiji akitaka kumhamishia mtu wa nje haki yake ya kimila, lazima halmashauri ikubali. Mtendaji ni mwandishi na mtunza mhuri. Hana mamlaka ya kukuuzia kitu. Unachotakiwa kuomba ni muhtasari wa kikao cha halmashauri na muhtasari wa mkutano mkuu, yenye orodha ya mahudhurio na saini, na ajenda ya ardhi yako ikitajwa kwa mipaka. Halafu uliza kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi, na eneo hilo limepangiwa nini kwenye ramani yake. Dalali wa kweli atakutafutia hivyo vyote. Wa uongo atakwambia kuna mteja wa Arusha anakuja kesho.

Na hata mihuri ikiwa sawa, Juani ina jambo lake ambalo hukulisikia kwa dalali. Kichaka unachokiona kwenye picha si lazima kiwe hakina mtu. Udongo wa mawe huchoka upesi, kwa hiyo watu hulima msimu mmoja au miwili, kisha huacha porini paote, wanahamia kipande kingine na kurudi baadaye. Tena wenye mashamba hayo si watu wa Juani peke yao. Watu wa Chole wanavuka kulima Juani, na Jibondo, ambako ni mawe karibu matupu na maisha yake ni ya baharini, nako wana mashamba yao huko kusini. Kwa hiyo mkutano wa Juani unaweza kukubali, na mwenye shamba yuko Jibondo akitengeneza jahazi, hana habari. Akirudi na jembe atakukuta umeweka nguzo.

Minazi nayo ina hadithi yake. Kwa mila za Mafia mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Babu alipanda, wajukuu wakarithi miti kwa mirathi ya Kiislamu, kila mmoja na fungu lake: watoto wa kiume, wa kike, mjane, wengine wako Dar, mwingine pengine yuko hapo hapo Muscat. Karatasi yako ina muuzaji mmoja. Nataka kujua ndugu zake wako wapi. Ukinunua bila saini zao, utakaa kibarazani kwako siku moja aje mama mmoja mpole na vijana wawili, wakwee, waangue nazi, wakusalimu na kuondoka. Na watakuwa na haki.

Sijasema Juani hawataki wageni wa kudumu. Nimeona vijiji vya ghuba ile vikikubali mtu anayekuja kwa njia ya mlango wa mbele: anafika, anajitambulisha kwa mwenyekiti, anakaa, anarudi msimu mwingine, anaeleza mkutanoni anataka kufanya nini na kijiji kitapata nini kila mwaka. Mtu kama huyo mara nyingi hupewa mkataba wa kutumia eneo kwa muda, bila kuuziwa. Kwa maoni yangu huo ndio mpango wenye akili kwenye kisiwa kama hiki. Pesa yako haijazama ardhini, na kijiji kina sababu ya kukulinda.

Faida? Hapa sitakupamba. Maji matamu Juani ni ya taabu. Utategemea visima vyenye chumvi chumvi na tangi kubwa la kukinga mvua. Umeme utakuwa wako wa jua. Saruji, nondo, mbao na vigae hutoka Dar, huvuka hadi Kilindoni, hupakiwa gari hadi Utende, hupakiwa mashua, kisha hushushwa kwenye matope na kubebwa kichwani kwa saa chache ambazo maji yanaruhusu. Kila mfuko unalipiwa kwa kila mkono ulioushika. Kuchoma chokaa ya matumbawe kama walivyojengea Kua sahau, hifadhi hairuhusu kuvunja matumbawe. Mgonjwa mahututi lazima avushwe hadi Kilindoni. Mpishi wako akitaka vitunguu, ni Kilindoni. Miezi miwili au zaidi ya masika hupati mtu. Na usisahau kuwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia moja kwa moja; zamani tulizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Paa la makuti kwenye ukingo wa bahari lina bei yake.

Kwa hesabu zangu, mabanda manne ya wageni Juani yanaweza kumlipa mtu anayeishi pale mwenyewe na kuyaendesha kwa mkono wake. Kwa mtu aliye Muscat, anayesimamia kwa simu, yatakula.

Kama unataka pesa yako iwe Mafia, mimi ningeangalia Kilindoni. Kule kuna viwanja vilivyopimwa, vyenye namba na michoro, na unaweza kupata hati ya kawaida kutoka kwa Kamishna wa Ardhi. Wapangaji wako wa mwaka mzima ni watumishi wa serikali, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki. Na msimu wa papa potwe vyumba vya bei ya kati hutafutwa. Haina picha nzuri ya kuwatumia wenzako kwenye kundi la WhatsApp, nakubali. Juani ukaipeleke wageni wako kwa siku, uwalipe waongozaji wa Kua na walinzi wa kasa, ule pweza wa nazi kijijini, mrudi na maji.

Kuhusu mwenzako wa Mombasa, mpe salamu, na umweleze hivi bila kumung'unya: kwenye ardhi ya Tanzania Mkenya ni mgeni kama Mfaransa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia taasisi ya taifa ya uwekezaji, ile tuliyoizoea kwa jina la TIC; na ardhi ya kijiji hapewi mpaka kwanza ihawilishwe kuwa ardhi ya jumla, jambo linalopita kwa wanakijiji na kufika kwa Rais. Kampuni ambayo hisa nyingi ni za wasio raia nayo huhesabiwa kuwa si raia. Msikubaliane yeye atoe nusu ya pesa na jina liwe lako tu kwa maneno ya kirafiki. Mkigombana hana pa kushika, na wewe utaonekana ulishiriki hila. Anaweza kukukopesha kwa mkataba ulioandikwa, au awe na hisa chache kwenye kampuni inayoendesha biashara, siyo inayomiliki ardhi. Hayo yaandikwe na wakili, na wakili huyo asiwe wa dalali.

Ukija, njoo kati ya Agosti na Oktoba: upepo wa kusi umepungua, hadi Septemba vitoto vya kasa bado vinatoka, na mwishoni unaweza kuwahi papa potwe wa kwanza. Chagua wiki yenye mwezi mpevu ili uione Juani ikiwa imekauka na imejaa siku moja. Jifunike vizuri kijijini, piga hodi, na usipige picha za watu kabla ya kuwaomba. Usimwambie dalali unakuja. Pita kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya pale Kilindoni na nakala ya hiyo karatasi, uulize kama wanaijua. Kisha vuka, umtafute mwenyekiti wa kijiji, na mwombe akutembeze hadi kwenye mipaka yote minne mkiwa na majirani wa kila upande.